Niambie Panapotisha

Kila siku saa tisa alasiri nyumba ya Pimamaji ilijaa mayowe. Si mayowe ya kweli, ni ya kwenye runinga: wasichana wanakimbizwa, milango inajifunga yenyewe, maiti wanaamka na kukaa kitako. Na katikati ya mayowe hayo alikaa mwanamume wa kilo mia na ushee, miguu juu ya stuli, bakuli la bisi mapajani, ametulia kama mtu anayenyolewa nywele.

Majirani walikwisha kusema yote waliyoweza kusema. Wapo waliosema amechanganyikiwa, wapo waliosema amejiingiza kwenye mambo ya giza, na yupo mmoja, mama wa nyumba ya pembeni, aliyesema mwanamume mzima kukaa mchana akitazama mizimu ni uvivu tu umepata jina. Huyo mwache. Huyo hajawahi kuangukiwa na jengo.

Pimamaji alikuwa fundi wa vigae, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ile rula yenye kiputo cha maji ndani, ambayo hakuiacha hata siku moja. Kila kigae alikipima mara tatu. Wenzake wanaweka sita, yeye anaweka viwili, halafu anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anang'oa kimoja. Alikuwa akifanya kazi na mtu mmoja tu aliyeweza kumvumilia, fundi mwembamba waliyemwita Redio. Sidhani kama nina haja ya kueleza kwa nini aliitwa Redio. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akichanganya saruji, aliongea akila, na mafundi waliapa kwamba siku moja walimkuta amelala juu ya mifuko ya saruji na bado anaongea. Mmoja akipima, mwingine akiongea, hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka kumi na mbili.

Miezi minane kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, wawili hao walikuwa wanaweka vigae kwenye choo cha chini cha jengo la ghorofa nne, jengo ambalo rangi yake ilikuwa haijakauka. Saa nane mchana likaanguka. Pimamaji alitolewa baada ya saa kumi na tisa, mguu wa kushoto umevunjika mara mbili. Redio alitolewa kesho yake, akiwa ameshakufa.

Mguu uliunga. Madaktari walifanya kazi yao, hilo tusiwanyime. Lakini kuna kitu kingine kilichovunjika ambacho hakikuonekana kwenye picha yoyote ya hospitali. Pimamaji alitoka wodini akiwa mtu anayeogopa. Aliogopa akipiga mswaki. Aliogopa akivaa shati, pale kichwa kinapokuwa ndani ya nguo na huoni kitu. Mlango wa chumba ukifungwa, alitoka jasho hadi kwenye nyayo. Usiku alilala mkono mmoja ukiwa juu ya uso, kuuzuia usiangukiwe. Mkewe, Mama Karani, alikuwa akiutoa mkono huo taratibu, na mkono unarudi.

Filamu za kutisha zilianza kwa bahati tu, tena huko huko wodini. Mchana mmoja muuguzi aliwasha runinga ya wodi akaondoka, na ikawa ni filamu ya mzimu wa kisimani. Wagonjwa walilalamika. Mzee wa kitanda cha tatu alisema presha yake inapanda, watu wazime hicho kitu. Kila mtu akageuka kumtazama Pimamaji, maana yeye ndiye aliyekuwa akishtuka hata kijiko kikianguka. Wakamkuta amelala fofofo. Alikuwa ameitazama hadi mwisho, akashusha pumzi, akalala saa nne mfululizo, usingizi ambao dawa zote za hospitali zilishindwa kumpa. Muuguzi akadhani amezimia, akaja mbio.

Kwa hiyo aliporudi nyumbani, akazitaka. Mkewe alipinga. Mwanamke gani mwenye akili angekubali? Mume anatetemeka mlango ukifungwa, halafu anataka kutazama watu wanafungiwa kwenye majeneza. Lakini wiki ya kwanza bila filamu ilikuwa mbaya, akaona bora hayo mayowe.

Sasa, nisiseme ilikuwa rahisi hivyo. Filamu ya kwanza nyumbani ilikuwa na dari inayodondoka ghafla kwa kishindo, na Pimamaji alijikuta chini ya meza, analia, bisi zimetapakaa sebule nzima. Ndipo binti yake alipochukua hatua. Huyu ndiye Karani mwenyewe. Tangu mdogo alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari, nani amekula nini, nani amevunja kikombe, na sasa alikuwa amemaliza shule anasubiri matokeo, hana kazi maalumu. Akaamua kwamba hakuna filamu itakayomfikia baba yake bila yeye kuitazama kwanza. Kila asubuhi alikaa nayo peke yake chumbani, karatasi mkononi, akiandika kila panapotisha na dakika yake. Yeye mwenyewe ni mwoga wa kutupwa. Anaogopa hata mjusi. Alizitazama akiwa amejifunika shuka, jicho moja nje, na bado aliandika.

Saa tisa ikifika, Pimamaji anachukua karatasi yake, anaisoma kama fundi anavyosoma ramani ya jengo, anaweka saa ya mkononi juu ya stuli, halafu ndiyo filamu inaanza. Mlango wa mbele lazima uwe wazi, pazia zote zimefunguliwa, jua linaingia hadi kwenye zulia. Alijua mkono utatoka dakika ya ngapi. Anausubiri, moyo unamwenda mbio, unatoka, anapiga kelele, anacheka, anakula bisi. Kuna siku alisimamisha picha bafuni kwa mzimu ili aoneshe vigae. "Ona kazi ile," alimwambia mkewe. "Mistari imepinda yote. Hata mimi ningekuwa mzimu ningewafukuza hawa." Mama Karani alicheka hadi akashika mbavu, halafu akaenda jikoni akalia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja vigae.

Hapo ningependa kusema mambo yakawa mazuri. Lakini kulikuwa na jambo moja lililobaki, na kila mtu katika nyumba ile alilijua, na hakuna aliyelitaja. Mjane wa Redio alitaka kujua mumewe alisema nini.

Pale chini walikuwa wawili, hawaonani, hatua tatu kati yao, na Redio aliongea kwa saa nyingi. Hilo waokoaji walilipata kutoka kwa Pimamaji siku ile ile, kabla hajafunga mdomo. Mjane alilisikia, na tangu hapo hakuomba kitu kingine. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mpole, asiyependa kusumbua watu. Alikuja hospitalini, akaambiwa amelala. Alikuja nyumbani mwezi wa pili, Mama Karani akamwambia mlangoni kwamba daktari amekataza wageni. Daktari hajawahi kusema hivyo. Alikuja mwezi wa tano, na Mama Karani, akiona ule uongo wa kwanza umezeeka, akaongeza mwingine: akasema mumewe siku hizi hawezi kusikia sauti yoyote kubwa, hata mlango ukigongwa anazimia, mtu anamnong'oneza tu. Mjane akaitikia kwa kichwa, akaondoka kwa kunyata, kuanzia pale kibarazani hadi barabarani. Mama Karani alimwona akinyata, na hilo lilimkaa kooni miezi mitatu.

Msimlaumu haraka. Kila mara jina la Redio lilipotajwa, Pimamaji aliingia ndani ya ukimya wa siku mbili, halali, hali. Mkewe alikuwa na mume mmoja tu, tena ametolewa chini ya zege. Alimlinda kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni uongo.

Basi, siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa tisa na nusu, filamu imeiva, mpangaji mpya anashuka ngazi za stoo akiwa na mshumaa, jambo ambalo hakuna binadamu mwenye akili angelifanya, na Pimamaji anamfokea, "Rudi, wewe. Rudi juu. Huyu mtoto hana wazazi?" Mlango wa mbele uko wazi kama kawaida. Na mlangoni, mikono imeshika mkoba, amesimama mjane wa Redio.

Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi. Karani alimwona wa kwanza. "Shikamoo, mama mdogo," alisema, na sauti yake ikawa nyembamba.

"Marahaba, mwanangu."

Kwenye runinga mpangaji akapiga yowe la kutoboa masikio. Hakuna aliyezimia. Mjane aliitazama ile runinga, akamtazama Pimamaji na bakuli lake la bisi, akamtazama Mama Karani aliyekuwa ametokea jikoni na sinia la vikombe na kuganda hapo hapo. Alikuwa mtu mpole, nimeshasema. Ndiyo maana ilikuwa vibaya kumwona uso wake ukibadilika.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Nahama Jumamosi. Kaka yangu ananichukua, huko ni mbali, sidhani kama nitarudi. Nikasema nisiingie, nimnong'oneze dada hapa mlangoni aniagie." Aliitazama miguu yake. "Nimekuja nimevaa kandambili ili viatu visipige kelele."

Mama Karani aliweka sinia chini, sakafuni. "Dada, naomba nieleze."

"Sijakuuliza wewe." Mjane hakupandisha sauti. "Shemeji, miezi minane. Nimeambiwa umelala. Nimeambiwa huwezi kusikia hata mlango. Nikasema, masikini, mwache, alichokiona kinatosha. Kumbe hofu ya mume wangu ndiyo imekushinda kuitaja, lakini hii unaitazama miguu juu ya stuli?"

Pimamaji alishusha miguu. Alitafuta rimoti asiione, na Karani ndiye aliyesimamisha picha. Mpangaji akabaki pale kwenye ngazi, mdomo wazi.

Mjane aligeuka aondoke. Na angeondoka, jamani, angeondoka na ingekuwa imekwisha, ila karatasi ya Karani ilikuwa imeangukia karibu na mlango, imepeperushwa na upepo, na yeye ni mshonaji, hawezi kuona kitu chini akakiacha. Akainama, akaiokota ili aiweke mezani. Akaisoma kwanza, kama mtu yeyote angefanya.

Iliandikwa hivi: Dakika ya 6, paka anaruka dirishani. Ni paka tu, usimwage bisi. Dakika ya 19, kimya kirefu sana. Hakitokei kitu, wanatutania. Dakika ya 31, anashuka stoo. Mkono. Huu ni wa kweli, baba, jiandae. Dakika ya 52, chumba kinakuwa kidogo kidogo. Hapa njoo jikoni tunywe chai, nitakuita ikipita. Mwisho, mtoto anatoka. Mama yake hatoki. Pole.

Aliisoma mara mbili. Halafu akamtazama Karani. "Wewe ndiye unamwandikia?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Kila siku?"

"Asipojua panapotisha, hawezi," alisema Karani. "Akijua, anaweza."

Mjane akakaa. Hakukaribishwa, alikaa tu kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani. Na Pimamaji, ambaye kwa miezi minane hakuwahi kumjibu mtu yeyote, hata daktari, kwa nini anazitaka filamu hizi, akaanza kusema akiitazama sakafu.

"Shemeji, mimi naogopa tangu nikiamka. Hii dari hapa juu haijanikosea kitu, lakini kutwa nzima naichunga. Sijui itakuja saa ngapi. Ikifika saa tisa naweka filamu, na kwa saa moja na nusu naogopa kitu ninachokiona kwa macho. Na hawa wawili wanaogopa pamoja na mimi. Halafu muziki unapigwa, majina yanapanda, inakwisha. Hiyo ndiyo naitaka. Kuona hofu inakwisha. Ile yangu haijawahi kukwisha."

"Yako ina picha, angalau," alisema mjane. Sasa alikuwa analia, bila kujifuta. "Mimi najua alitoka nyumbani saa moja asubuhi amesahau chakula chake. Halafu najua nimeoneshwa mwili. Katikati ni giza. Na giza halikai tupu, shemeji. Nimeshamuua mume wangu kwa namna mia moja. Kila nikikaa kwenye cherehani namuua tena. Watu wanakuja wananiambia alikufa kishujaa. Shujaa gani? Redio huyu? Alikuwa akiona mende anapanda kitandani na viatu."

Karani alicheka bila kutaka, akaziba mdomo. Mjane naye akacheka kidogo, kwa pua.

"Siwezi," alisema Pimamaji. "Si kwamba sitaki. Kuna mahali nikifika, siwezi."

Mjane aliitazama ile karatasi iliyokuwa bado mkononi mwake. "Basi nisimulie kama anavyokufanyia mwanao. Usiniambie vizuri, niambie tu. Ukikaribia pabaya, niambie kabla, nitafumba macho. Na kama pabaya ni kwako, niambie vilevile. Tutakaa hapo mpaka papite."

Mama Karani alikuja akakaa upande mmoja wa mumewe, Karani upande mwingine. Hakuna aliyezima runinga. Pimamaji alijifuta viganja kwenye suruali, akavuta pumzi, akaanza.

Alisema vumbi lilikuwa la kwanza, kwamba hawakuweza kupumua, na Redio akakohoa muda mrefu sana. "Hapa si pabaya," alisema. "Kikohozi tu." Alisema Redio alimwita jina, akamuuliza yuko mzima, halafu akauliza kama vile vigae vya ukutani vimevunjika, kwa kuwa mwenye jengo atawasumbua. Mjane alitikisa kichwa akitabasamu na machozi yanashuka. Huyo ndiye, alisema. Huyo ndiye mume wangu.

"Sasa panakuja pabaya kidogo," alisema Pimamaji.

Mjane alishika mkoba. Hakufumba macho.

"Aliogopa, shemeji. Sitakudanganya. Aliogopa sana, na mimi niliogopa. Alilia. Aliniambia miguu haisikii. Hakusema inauma, alisema haisikii, nilimuuliza mara mbili."

"Haikumuuma?"

"Haikumuuma."

Mjane alivuta pumzi ndefu, akaishusha polepole, kama mtu aliyebeba kitu kizito akapata pa kukitua. Halafu akasema, "Endelea."

Aliendelea. Alisema kulia kukaisha, na Redio akaanza kuongea kama kawaida yake. Aliongea usiku ukaingia, na giza la mle ndani halikubadilika, lilikuwa lile lile. Aliongea habari za mpira, za fundi mmoja aliyewadhulumu saruji, za mama yake mzazi. Pimamaji hakuwa na nguvu ya kujibu. Alikuwa akisikiliza tu. "Ile sauti ndiyo iliyonifanya nijue kwamba sijafa," alisema. "Niliishika ile sauti."

Hapo alisita. Mkewe alimwekea mkono mgongoni.

"Ni hapa?" aliuliza mjane.

"Ni hapa. Ni pabaya, shemeji. Fumba macho."

"Sifumbi. Sema."

"Nilisikia kitu juu. Kama mtu anaita kwa kipaza sauti, mbali. Sikuelewa anasema nini, kwa sababu Redio alikuwa anaongea. Nikamwambia, hebu nyamaza. Nyamaza, nisikie." Alitazama juu, kwenye dari. "Akanyamaza. Nikachukua kipande cha kigae nikagonga, nikagonga, nikagonga. Wakajibu. Nikafurahi, shemeji, nilifurahi. Nikamwambia, haya Redio, wametusikia, endelea sasa. Hakuendelea. Nikamwita. Nikamwomba radhi. Nikamwambia ongea chochote. Saa tano nzima namwita mpaka wakanitoa." Sasa alikuwa akilia waziwazi, kamasi na machozi, bila aibu. "Neno la mwisho alilolisikia duniani ni nyamaza. Nimemwambia mimi. Ningekujaje kwako kukuambia hilo?"

Nje kuna mtu alipita akiburuta ndoo. Mama Karani alikuwa akisikia hayo kwa mara ya kwanza, kama wengine, na alikuwa ameinamisha kichwa chini kabisa.

Mjane alisimama, akavuta kiti chake hadi mbele ya Pimamaji, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Shemeji, nitazame. Nimeishi na yule mtu miaka kumi na tisa. Nimemwambia anyamaze nikiwa kwenye uchungu wa kujifungua, anamsimulia mkunga namna ya kukoroga saruji. Nimemwambia anyamaze msibani, kaburi liko wazi. Mama yake amemwambia, walimu wamemwambia, polisi wa barabarani aliwahi kumwambia anyamaze au amweke ndani, akawekwa ndani. Hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha Redio hata dakika moja. Leo wewe, wewe hapa, unadhani umeweza kwa neno moja?"

Pimamaji alimtazama.

"Kama angekuwa bado yupo angekujibu," alisema mjane. "Angebisha. Si wewe uliyemnyamazisha. Alikuwa ameshaondoka, na amekwenda akiwa anaongea. Basi. Mimi hilo linanitosha kabisa." Akamshika mkono, ule mkono uliokuwa ukikaa juu ya uso kila usiku, akaubana kati ya mikono yake iliyojaa alama za sindano. Wakalia wote wawili, na sitasema kwa muda gani, kwa kuwa hayo ni yao.

Baadaye Karani alileta maji. Mjane alikunywa, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, na akauliza swali ambalo Pimamaji hakulitarajia. "Alikuwa anasema nini, pale ulipomkatiza?"

Alifikiri. Miezi minane alikuwa amebeba neno lake mwenyewe tu, hakuwahi kurudi nyuma yake kutazama lililokuwepo. "Alikuwa anasimulia siku mliyohamia kwenye ile nyumba yenu ya ghorofa ya pili. Kwamba alinunua kabati kubwa, mkalipandisha ngazini likakwama, haliendi juu, halirudi chini. Watu wa juu wakashindwa kushuka. Akasema kuna mama mmoja amevaa anakwenda kazini, akafika pale, akalitazama kabati, akamtazama yeye, akasema," na hapo Pimamaji alinyanyua mabega. "Hapo ndipo nilipomkatiza. Sikujua alisema nini."

Mjane alikuwa ameshaanza kutabasamu, macho bado mekundu. "Alisema, kijana, hilo kabati lina milango au halina?"

Pimamaji alimtazama bila kuelewa.

"Redio akang'oa mbao ya nyuma, shemeji. Akafungua milango ya mbele. Na jengo zima likawa linapita ndani ya kabati letu, siku mbili, mpaka seremala alipokuja kulikata. Wazee, watoto, mtu na baiskeli yake. Kila anayefika anapiga hodi. Na mume wangu alikaa pale kwenye ngazi siku zote mbili, hakwenda kazini, anawajibu mmoja mmoja, karibu, pita, angalia kichwa. Kila aliyepita alisimamishwa kwanza akasimuliwa jinsi kabati lilivyokwama."